Milimita Zilizopotea

Gia ya kwanza ya Land Rover Series IIA haimvumilii dereva ambaye klachi yake haikati. Gari hilo lilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1961 hadi 1971, na giaboksi yake ina sinkro kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Ya kwanza, ya pili na ya kurudi nyuma zinategemea klachi iachie kabisa. Ikibakiza mshiko hata mdogo huku pedali imegusa sakafu, meno yanasagana, mkono wa gia unatetemeka kiganjani, na waliokaa kibarazani wanageuza shingo kutazama nani anaua gari la watu.

Arusha wanaujua mlio huo. Mji ule umekua na Land Rover: za polisi, za misheni, za wakuu wa wilaya, za askari wa wanyamapori, na baadaye za kubeba watalii kwenda Ngorongoro na Serengeti. Oktoba 2024 wenye magari hayo walikusanyika pale kwa tamasha lao, ya zamani yakisimama ubavuni mwa mapya. Gari la zaidi ya miaka 50 likiingia gia kimya mbele ya watu, kuna fundi nyuma yake, na fundi huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia hapa.

Mlio ukianza, hukumu ya kwanza huwa ni kwamba klachi imekwisha. Mwenye gari anaambiwa anunue pleti, presha pleti na rilisi beringi. Viti vinatolewa, bati za sakafu zinafunguliwa, giaboksi inanyanyuliwa na kupitishwa ndani ya gari kwa jasho la watu wazima, na baada ya yote hayo gari linarudi barabarani na klachi mpya na mlio uleule. Nasema hili kwa uchungu, maana mara nyingi pleti ya zamani ilikuwa nzima. Kilichokwisha ni safari ya mguu. Dereva alikanyaga mpaka mwisho, lakini sehemu ya kukanyaga kwake ilipotelea njiani. Fundi ninayemsifu ni yule anayezitafuta milimita hizo moja moja, kutoka kwenye pedali hadi ubavuni mwa giaboksi, kabla hajamtajia mteja bei ya kitu chochote.

Njia yenyewe ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Pedali inaning'inia kwenye mhimili wake juu, ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Ukikanyaga, pedali inasukuma fimbo fupi, fimbo inasukuma pistoni ya silinda ya masta, pistoni inasukuma mafuta, mafuta yanakimbia kwenye bomba jembamba hadi kwenye silinda ya sleva, sleva inasukuma fimbo yake, fimbo inageuza mkono, mkono unageuza shafti, shafti inashikana na bomba la kuunganishia kwa pini, bomba linashikana kwa pini nyingine na shafti inayoingia ndani ya giaboksi, na huko ndani ndiko rilisi beringi inakosukumwa hadi ikabana vidole vya presha pleti, pleti ikaachia flaiwili. Kila kiungo kinampokeza mwenzake, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji kutoka kisimani. Kila mmoja akimwaga kidogo, ndoo inafika nusu, na wa mwisho ndiye anayelaumiwa.

Land Rover za kwanza, zile zilizoanza 1948, zilitumia fimbo na mikono mitupu kutoka pedali hadi giaboksi. Series II ilipoingia 1958 ndipo mafuta yakaletwa katikati. Sababu yake inaeleweka na mtu yeyote aliyepita barabara yenye makorongo. Chesisi inajipinda, injini inacheza juu ya raba zake, giaboksi nayo inafuata, na fimbo iliyonyooka inavutwa na kusukumwa hata kama mguu umetulia. Bomba la mafuta halijali. Linapinda pembeni mwa chesisi, linapanda, linashuka, na mguu unafika ulikotumwa.

Kinachowezesha hayo kilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwenye maandishi yaliyochapishwa 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake: mgandamizo ukiwekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa, unafika kila upande kwa usawa. Fundi wa gereji hana haja ya kumtaja Pascal, lakini hesabu yake anaifanya kila siku, na afadhali niiweke hapa kwa tarakimu kwa sababu ndiyo roho ya kazi yote.

Tuseme pedali inasafiri milimita 150 kutoka juu hadi chini, na urefu wa mkono wake ni mara 5 ya umbali kati ya mhimili na fimbo. Fimbo ya masta basi inasogea milimita 30. Tuseme tundu la masta lina kipenyo cha milimita 19 na la sleva milimita 22. Sleva ni pana zaidi, kwa hiyo mafuta yaleyale yanaisogeza kidogo zaidi ya milimita 22. Kwa upande wa nguvu mambo yanageuka: mguu ukisukuma kwa uzito wa kilo 10, sleva inasukuma kwa kilo kama 67, ukiacha kinacholiwa na msuguano. Hiyo ndiyo sababu hata mtu mwembamba anaweza kuzishinda springi ngumu za presha pleti. Lakini faida hiyo imelipiwa. Safari ya milimita 150 imebaki 22, na hizo 22 ndizo zinazopaswa kutosha kazi yote iliyobaki.

Sasa toa milimita 1 hapo. Pini moja imelika kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona kwenye giza la chini ya gari. Kwa mguu, milimita hiyo moja ni karibu 7. Pini mbili zikilika na tundu la mkono likawa na umbo la yai, dereva amekwishapoteza sentimita 2 za kukanyaga, na hapo hatujagusa raba zilizochoka wala hewa iliyoingia kwenye bomba. Pedali inafika sakafuni kama kawaida, kwa hiyo dereva anaamini amefanya sehemu yake. Amefanya kweli. Mlolongo ndio uliomwangusha.

Wahandisi wa Solihull waliujua udhaifu huo. Series III ilipokuja 1971, sleva ilifungwa moja kwa moja kwenye nyumba ya klachi, na ile shafti ya pembeni pamoja na bomba lake la kuunganishia na pini zake mbili vikaondolewa. Lakini Series IIA zilizokwisha kuuzwa zilibaki na pini zao, na zinazotembea leo bado zinazo.

Nimemwona fundi mmoja wa Unga Limited, Arusha, mtu mzima wa maneno machache, akizikamata pini hizo kwa chaki. Alilala chini ya gari juu ya gunia, akafuta grisi kwenye shafti na bomba lake kwa kitambaa kilicholowa petroli, akasubiri pakauke, kisha akachora mstari mmoja mweupe ulionyooka kutoka kwenye shafti kuvuka kiungo hadi juu ya bomba. Akaita, "Dogo, kanyaga taratibu." Kijana akakanyaga. Mstari ulianza kukatika. Upande wa sleva ulitangulia, upande wa giaboksi ukabaki umelala, ukabaki, halafu ndipo ukaamka na kufuata. Kati ya vipande viwili vya mstari palikuwa na nafasi ya kutosha kupitisha ukucha. "Mzee, njoo uone," akamwita mwenye gari. "Klachi yako nzima. Pini ndizo zimelika."

Mwenye gari aliinama, akaona, akanyamaza. Mfukoni mwake mlikuwa tayari na bei ya pleti.

Mstari ule wa chaki una heshima ndani yake, na ndiyo maana naukumbuka. Fundi angeweza kusema tu, na angeaminiwa, maana mteja hajui. Badala yake aligeuza ujuzi wake ukawa kitu ambacho mwenye gari anaweza kukiona kwa macho yake. Gereji nyingi hazina mashine za kupimia, na hazizihitaji kwa kazi hii. Zinahitaji chaki, rula, kidole na nia.

Kuitoa pini ya namna hiyo ni kazi ya kulala chini na kutema kutu. Kuirudisha ndiko kunakotenganisha mafundi. Pini mpya kwenye tundu lililopanuka itakaa vizuri kwa muda mfupi, kisha itaanza kugonga, na kila pigo litalipanua tundu zaidi. Tundu lazima lirudishwe duara. Ama lijazwe kwa kuchomelea na kutobolewa upya, ama litobolewe kubwa kidogo na kukerezewa pini ya kipimo chake. Kwa njia zote mbili, kazi inaenda kwa fundi wa kukereza, na yeye anapaswa kuwa na subira ya kuipanga shafti ili tundu lipite katikati kabisa, liingie upande mmoja na kutokea wa pili bila kuyumba. Likiyumba, pini itabanwa upande mmoja na kulika huko. Chuma cha pini nacho kichaguliwe. Kipande cha nondo ya ujenzi hakifai, hata kama kipenyo ni sawa. Ni laini na hakina uso uliosuguliwa. Na mwisho wa pini uwekwe kotapini mpya iliyokunjwa sawasawa. Msumari uliopindwa nimeuona mara nyingi mno mahali hapo, na siuombei radhi: msumari ukikatika, pini inatambaa nje, na klachi inapotea dereva akiwa katikati ya mteremko.

Tupande juu sasa, kwenye masta.

Masta ikifunguliwa, ndani yake mna pistoni, springi, na raba zenye mdomo. Mdomo wa raba unatazama kule mgandamizo uliko, ili mafuta yakisukumwa yaupanue mdomo na kuubana zaidi kwenye ukuta. Raba ikiwekwa kinyume, mafuta yanapita pembeni yake na pedali inazama polepole chini ya mguu bila tone hata moja kuonekana nje. Kabla ya kuweka raba mpya, fundi makini anaingiza kidole kidogo ndani ya tundu na kukizungusha. Anatafuta mashimo ya kutu. Mwanga wa tochi unadanganya, kwa sababu ukuta uliolowa mafuta unang'aa hata ukiwa umetoboka. Kidole hakidanganyiki kirahisi hivyo. Ukuta ukiwa laini, seti ya raba itatosha. Ukiwa na vishimo, raba mpya itachanika kama ile ya zamani, na hapo ni kupiga slivu kwa fundi wa kukereza au kununua masta nyingine.

Vishimo hivyo vinatoka kwenye maji, na maji yanatoka hewani. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika kwenye klachi, yana tabia ya kufyonza unyevu. DOT 3, daraja moja la mafuta hayo, ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishalewa unyevu kiwango chake kinashuka hadi 140. Klachi haipati joto kama breki, kwa hiyo kuchemka si hofu kubwa huku. Hofu ni kutu. Kwa magari ya Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, ambako hewa yenyewe ina chumvi na unyevu, kopo la mafuta lililofunguliwa na kuachwa wazi rafuni kwa miezi ni sumu, hata kama rangi yake bado ni nzuri. Baya zaidi ni oili ya injini. Mtu amepungukiwa na mafuta njiani, anamimina oili iliyopo ili afike. Raba za masta zinavimba, zinalegea, zinajaa tundu, na pistoni inagoma kurudi. Safari hiyo moja inalazimu kila raba itolewe na bomba zima lisafishwe kabla ya kuanza upya. Na kwa Series IIA hatari inaongezeka, kwa sababu nyingi zina kopo moja lenye vyumba viwili, kimoja cha klachi na kimoja cha breki. Aliyekosea chumba amegusa breki.

Kazi niipendayo kuliko zote inakuja baada ya masta kurudi kwenye kisanduku chake. Ni kuipa fimbo nafasi.

Kwenye Land Rover hizi, fimbo ya masta inapita kwenye kipande cha chuma cha mviringo kilichoshikwa na pedali, na inafungwa kwa nati mbele na nyuma. Kwenye Toyota na Datsun nyingi za miaka ya 1970, fimbo inaishia kwenye foku yenye pini, na urefu wake unarekebishwa kwa kuizungusha. Namna ni mbili, lengo ni moja: pedali ikiwa imepumzika, ncha ya fimbo isiiguse pistoni. Pabaki nafasi ya milimita moja na nusu hivi. Kwa hesabu yetu ya mara 5, hiyo ni milimita 7 au 8 kwenye pedali, ambazo mguu unazikanyaga bure kabla kazi haijaanza.

Mwanafunzi wa fundi akiambiwa hivyo kwa mara ya kwanza, anashangaa. Siku nzima wamekuwa wakiziwinda milimita zilizopotea, wamekereza pini, wamebadili bushi ya pedali, na sasa fundi mkuu anapoteza nyingine kwa makusudi. Lakini nafasi hii ina kazi. Pistoni ya masta ikirudi hadi mwisho wake, ndipo njia ya mafuta kati ya tundu na kopo inafunguka. Kupitia njia hiyo mafuta yanapumua: yakitanuka kwa joto la injini yanapanda koponi, na pleti ikilika taratibu kwa miaka, mafuta yanajipanga upya bila mtu kugusa kitu. Fimbo ikiigusa pistoni hata kwa unene wa karatasi, njia hiyo inafungwa. Mafuta yanatanuka na hayana pa kwenda ila kwenye sleva. Sleva inasukuma kidogo, rilisi beringi inaegemea vidole vya presha pleti mchana kutwa, na klachi inaanza kuteleza. Dereva anapanda mlima, injini inanguruma, gari haliendi, harufu ya kuungua inaingia ndani. Pleti mpya inaweza kuteketea kwa namna hiyo, na atakayelaumiwa ni aliyeiuza.

Nafasi ikizidi, klachi haikati. Ikikosekana, klachi inaungua. Kati ya makosa hayo mawili pana upana wa milimita, na fundi anaupata kwa kidole.

Naam, kwa kidole. Mguu hausikii vizuri, soli ya kiatu inameza habari. Fundi anainama, anaweka kidole cha shahada juu ya pedali, anaisukuma polepole. Mwanzoni anasikia uzito mdogo tu, ule wa springi ya kurudishia pedali. Kisha uzito unabadilika. Ncha ya fimbo imekutana na pistoni, na nyuma ya pistoni kuna springi ya pili. Mabadiliko hayo ni madogo, na mtu asiyeyatafuta hatayasikia. Fundi anapima kwa rula umbali ambao pedali imetembea kati ya uzito wa kwanza na wa pili, anarekebisha nati, anasukuma tena. Akiridhika anakaza nati ya kufungia, na hapo hapo anarudia kupima, kwa kuwa nati inapokazwa huivuta fimbo na kuiba sehemu ya nafasi aliyoiacha. Wengi hawarudii. Wanaona kazi imeisha pale spana ilipogoma kuzunguka.

Inabaki kutoa upepo. Hewa inabanika, mafuta hayabaniki. Puto dogo la hewa ndani ya bomba linameza safari ya mguu kwa kujibana na kujiachia, na sleva haiambulii kitu. Kwa gereji zetu nyingi, kazi hii ni ya watu wawili wasioonana. Mmoja yuko juu kwenye kiti, mwingine chini ya gari na spana kwenye nipo ya kutolea hewa ya sleva, akiwa ameichomekea mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mwisho wa mpira ukiwa umezama kwenye mafuta ndani ya chupa.

"Pampu!"

"Napampu."

"Shika!"

"Nimeshika."

Spana inageuzwa robo mzunguko. Mafuta yanaruka ndani ya mpira yakiwa na mapovu, pedali inazama chini ya mguu wa yule wa juu, na yeye anaendelea kukandamiza kwa sababu anajua kitakachotokea akiachia.

"Nimefunga. Achia!"

Neno hilo la mwisho ndilo linalobeba kazi yote. Pedali ikiachiwa kabla ya nipo kufungwa, masta inavuta hewa kutoka kwenye uzi wa nipo, na wanaanza upya. Yule wa chini hawezi kuuona mguu. Yule wa juu hawezi kuiona spana. Wana sauti tu. Nimesikia gereji ambako maneno haya yanapokezana kwa mwendo sawa kabisa, kijana na mzee, mpaka mapovu yanakwisha, na katikati yake mzee anauliza, "Kopo likoje huko?" kwa sababu kopo likikauka juu, hewa inaingia kwa mlango mwingine. Kijana anayejibu "Limefika nusu, naongeza" kabla ya kuulizwa mara ya pili ameshaanza kuwa fundi.

Jambo moja linasahauliwa hapa. Hewa hupanda. Nipo ya sleva lazima ikae juu, bomba la mafuta likiingia chini. Sleva nyingi za gari hizi zina matundu mawili yanayofanana, na mtu mwenye haraka anaweza kufunga bomba juu na nipo chini bila kitu chochote kumkatalia. Atapampu mpaka jioni. Mafuta safi yatatoka kwenye nipo, bila povu, na pedali itabaki laini kwa sababu hewa imejikalia juu ya tundu, mahali ambapo hakuna wa kuitoa.

Kuhusu spea niseme machache. Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utapata seti za raba za masta za kila bei. Za bei ya chini sana ninazikwepa. Mdomo wa raba ukiwa mgumu haufuati ukuta. Lakini hata spea bora haimwokoi fundi asiyepima, na spea ya wastani mikononi mwa anayepima hudumu. Ninachokiona kibaya zaidi kuliko spea bandia ni mazoea ya wateja kulipia kitu kinachoshikika na kukataa kulipia utafutaji. Mtu atatoa fedha ya pleti bila kusita, kwa kuwa anapewa boksi. Ukimwambia pini imekerezwa, nafasi ya fimbo imepimwa mara tatu, na kazi imechukua mchana mzima, anauliza, "Sasa umeniwekea nini kipya?" Swali hilo limewafundisha mafundi wengi kubadili vitu vizima. Wamefundishwa na sisi.

Na mafundi wenyewe wanapatikanaje? VETA, mamlaka ya Tanzania ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, inafundisha ufundi wa magari kwa mtaala na cheti, na ninaiheshimu kwa hilo. Kijana anatoka pale akijua kuchora mfumo wa masta na sleva na kueleza kwa nini mafuta hayabaniki. Lakini ule uzito wa pili chini ya kidole haufundishiki ubaoni. Unafundishwa na mzee anayeshika mkono wa kijana, anauweka kwenye pedali na kumwambia, "Hapo. Umesikia? Rudia." Kijana anasema ndiyo kwa adabu, na mzee anajua bado. Anamrudisha kesho, kwenye gari jingine. Siku kijana anaposema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba nafasi imezidi, mzee anachukua rula kuhakikisha, na rula inamuunga mkono kijana.

Magari mengi yanayoshuka bandarini siku hizi kutoka Japani ni otomatiki, hayana pedali ya tatu. Sioni sababu ya kuyalaumu; foleni ya Dar es Salaam inachosha mguu wa mtu yeyote. Ila bado kuna Land Rover zinazofika zahanati ambako hakuna gari jingine linalofika kipindi cha masika, kuna pikapu za Toyota za zamani zinazobeba ndizi kutoka Rungwe, kuna malori ambayo klachi zake zinakwenda kwa mafuta na msingi uleule. Kijana aliyejifunza kwenye pini za Series IIA anaweza kulifungua lori kwa ujasiri, kwa sababu anajua la kuuliza: mguu umetoa kiasi gani, na kimefika kiasi gani?

Kwa wenye magari haya nina ombi la vitendo. Mafuta ya klachi yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama hayajapungua. Chini ya boneti, kwa upande wa ndani, fundi aandike kwa rangi ya mafuta vipimo alivyoviacha: tarehe, aina ya mafuta, safari ya fimbo ya sleva kwa milimita, na nafasi ya bure kwenye pedali. Mistari minne inatosha. Gari la miaka 60 limepita mikono mingi na litapita mingine, na fundi atakayelipokea Singida au Kitale, akisikia gia ya kwanza inalia, atafungua boneti, atasoma kwamba sleva ilikuwa ikitembea milimita 22, atapima na kukuta 18, na atajua kabla hajagusa boliti kwamba anatafuta 4.